Mteja huanza kununua hadithi

UKIPANDA basi la kwenda mashambani katika kituo cha Machakos jijini Nairobi, kabla ya dereva kuwasha injini huingia mchuuzi na mkoba wake. Hataji bei. Husalimu kwanza, akawapa wazee heshima zao, kisha husimulia habari za mtu aliyesumbuliwa na jino hadi akawa halali usiku. Abiria waliokuwa wakitazama nje hugeuza shingo. Anapotoa chupa ya dawa, nusu ya basi imekwisha kutia mikono mifukoni.

Mimi nami niliwahi kutia mkono mfukoni. Nilinunua chupa mbili, moja yangu na moja ya mama mzazi. Tulipozifungua nyumbani, yalikuwa maji yaliyotiwa rangi na karafuu kidogo. Mama alicheka. Mimi sikucheka, maana hiyo ndiyo iliyokuwa nauli yangu ya kurudi.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, ukimwondolea uongo, mchuuzi yule alijua jambo ambalo wengi wetu tunaoanza biashara hatulijui.

Jirani yangu mmoja mtaani Umoja alipoachishwa kazi, alianza kutengeneza sabuni ya maji. Alizunguka mlango hadi mlango akisifu povu lake na bei yake nafuu. Kila mama aliitikia, "Asante, tutakuita," na mlango ukafungwa. Mwezi ulipokwisha alikuwa na mitungi saba chini ya kitanda na kodi ya nyumba haijalipwa.

Jumamosi moja mama mmoja alimwuliza, "Na wewe kazi ya sabuni uliijulia wapi?" Kwa uchovu tu akaketi, akaeleza. Jinsi alivyokuwa akiongeza maji katika sabuni ya dukani ili ifike mwisho wa mwezi. Jinsi mtungi wake wa kwanza ulivyokataa kuwa mzito, akafulia matambara wiki nzima. Yule mama alicheka hadi akashika mbavu, akanunua lita mbili. Jioni alimtuma binti wa jirani kuja kuchukua nyingine.

Kilichobadilika si sabuni. Yule mama naye alikuwa amewahi kuongeza maji katika sabuni, na katika hadithi ile alijiona mwenyewe.

Wafanyabiashara wa Pwani walilifahamu jambo hili zamani. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, alianza biashara yake Mombasa mwaka wa 1887, na leso zake zikabeba alama ya "Mali ya Abdulla." Leso ni kitambaa cha pamba, lakini mnunuzi hasomi pamba, husoma jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Kwa jina hilo ataweza kumpelekea wifi ujumbe bila kufungua kinywa. Mwuzaji mjuzi hulisoma kwa sauti, kisha huuliza, "Unampelekea nani?" Kuanzia hapo hadithi ni ya mteja.

Hata Safaricom ilipozindua M-Pesa mwezi Machi 2007, haikuanza kwa kueleza mitambo. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: tuma pesa nyumbani. Yeyote aliyewahi kumkabidhi utingo bahasha ya pesa za wazazi, kisha akakesha akijiuliza kama imefika, hakuhitaji maelezo zaidi.

Basi nawe mwanafunzi unayeuza mitumba kwa simu, usiandike tu "koti zuri." Sema ulivyodamka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba na jinsi ulivyolivuta koti hilo kutoka chini ya rundo. Lakini fupisha, mama aliye mlangoni ana chungu motoni.

Nikirudi kwa jirani yangu, mafanikio nusura yamponze. Mteja mmoja alimwambia kwamba upele wa mwanawe ulipotea baada ya kuoga kwa sabuni ile. Jirani akaibeba habari hiyo mlango hadi mlango. Haikupita wiki mbili, mama mwingine alimjia amembeba mtoto, ngozi imewiva kama nyanya. Sheria ya kulinda watumiaji bidhaa ya mwaka wa 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi hivyo, lakini jirani yangu hakungoja sheria. Alirudisha pesa na kumpeleka mtoto zahanati kwa gharama yake.

Siku hizi husimulia habari za mtungi ulioharibika, na baada yake habari za mtoto yule, kisha husema wazi kwamba sabuni yake ni ya vyombo na sakafu. Jumapili iliyopita nilimwona mama wa mtoto huyo langoni kwake, ameshika chupa tupu ya lita moja, akingoja ajaziwe.