BARAZA YA MWALIMU: Kanisa Lililopotea Ndani ya Bunge

Mwaka huu katika baraza yetu nataka tulizungumze jengo ambalo baadhi yenu mnaokaa London mmepita juu ya msingi wake bila ya kujua. Mtu akenda Bungeni Westminster kuonana na mbunge wake, hupita katika ukumbi mrefu uitwao St Stephen's Hall. Zamani mahali hapo palikuwa na kanisa la wafalme wa Uingereza, kanisa la Mtakatifu Stefano.

Lilianza kujengwa mwaka 1292, zama za Mfalme Edward wa Kwanza, na nia ilikuwa kushindana na Sainte-Chapelle, kanisa la mfalme wa Ufaransa mjini Paris. Kazi ilisita na kuanza tena, hata ikafika mikononi mwa mjukuu wake, Edward wa Tatu. Huyo, mwaka 1348, aliweka humo mapadri 12 na mkuu wao. Lilikuwa kanisa la ghorofa mbili: juu akisali mfalme na watu wake wa karibu, chini watumishi wa kasri. Kuta za juu zilipakwa rangi na dhahabu, zikachorwa visa vya watu wema wa kale. Kimoja ni kisa cha Ayub, ambaye sisi twamjua kuwa ni Nabii Ayub, alayhi salaam.

Mwaka 1548, zama za Edward wa Sita, jamii za mapadri za namna hiyo zilivunjwa, na muda mfupi baadaye jengo likapewa wabunge. Mpaka hapo walikuwa hawana ukumbi wao maalumu. Wakakaa kama walivyokuwa wakikaa mapadri na waimbaji, safu mbili zinazoelekeana, mfano wa baraza mbili za daka la nyumba zetu za kale. Kiti cha Spika kikawekwa upande wa madhabahu. Wakakaa hivyo karibu miaka 300. Humo ndimo ilimojadiliwa sheria ya 1807 ya kupiga marufuku biashara ya watumwa katika dola ya Kiingereza. Na ukumbi wa wabunge wa leo, uliopigwa mabomu mwaka 1941 na kufunguliwa tena 1950, una safu zile zile za kuelekeana. Kanisa limeondoka, mkao wake umebaki.

Sasa tuulize, lilipoteaje? Wengi watajibu kuwa liliungua, na kuungua liliungua. Serikali ilikuwa na vijiti vya mbao vilivyochanjwa alama, vilivyotumika kwa karne nyingi kuweka hesabu za fedha. Matumizi hayo yalikomeshwa mwaka 1826. Tarehe 16 Oktoba 1834 vikaamriwa vichomwe katika matanuri yaliyo chini ya ukumbi wa malodi. Joto likazidi, moto ukashika jengo, na usiku ule sehemu kubwa ya kasri ikateketea.

Lakini ndugu zangu, moto ulikuta mifupa tu. Mwaka 1692 msanifu Christopher Wren aliliteremsha paa, akaweka dari ya chini na kufunika kuta kwa mbao. Michoro ikakaa gizani zaidi ya miaka 100. Kisha Uingereza ikaungana na Ireland, na wabunge 100 wa Ireland wakatakiwa wapatiwe nafasi. Mwaka 1800 James Wyatt akapewa kazi ya kuupanua ukumbi. Mbao zilipobanduliwa, rangi na dhahabu zikaonekana tena. Na mafundi wakazikata kuta, ili viti vienee.

Mafundi wale hawakuwa maadui wa kanisa. Walitaka nafasi, basi.

Tukijua leo kuta zile zilikuwaje, ni kwa sababu ya watu wachache waliowahi. Mmoja ni John Thomas Smith, mchoraji. Alikuwa akifika asubuhi na mapema kunakili michoro kabla ya mafundi kuanza kazi, na mara nyingi alichonakili asubuhi kilivunjwa siku ile ile. Mwaka 1807 alitoa kitabu chake. Vipande vichache vya ukuta vimehifadhiwa British Museum, na kisa cha Ayub kimo. Kanisa la chini nalo lipo, na hutumika mpaka leo.

Nimeyaleta haya kwa kuwa nasi tumo katika kubandua mbao. Kila mwaka jamaa mmoja huhama nyumba kubwa kwenda ndogo, au mzee hufariki na watoto wakasafisha chumba chake. Katika sanduku mna barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati ya shamba, daftari la mahari, na msahafu ambao babu ameandika katika jalada la ndani tarehe walizozaliwa watoto wake. Watoto hawazisomi herufi hizo. Hawana ubaya, wanataka nafasi. Sanduku linakwenda na takataka.

Sisi tuliopita chuoni kabla ya skuli bado twazisoma, lakini hesabu yetu inapungua. Tukiondoka, barua zile zitakuwa michoro tu.

Basi nausia hivi. Kabla ya kutupa karatasi yoyote ya mzee, ipigwe picha, kila ukurasa, hata kwa simu ya mkononi. Kisha mkae na mama au shangazi au babu, awasomee, na kijana aandike kwa herufi anazozijua: nani amemwandikia nani, kutoka mji gani, mwaka gani. Aliye na barua na hana msomaji, anijie, nitamsomea kwa furaha, na asiyeweza kuja nitamwendea mimi.

Smith hakuweza kuwazuia mafundi. Alichoweza ni kuamka mapema. Mwenyezi Mungu atupe umri na macho ya kuifanya kazi hii. Wassalaam.