Toeni vyeti kabatini
Dirisha la mkopo wa elimu ya juu likifunguliwa tu, steshenari za mtaani hujaa vijana wenye bahasha za kaki, na nyuma yao mzazi anauliza, "Sasa bado nini tena?" Mara nyingi kilichobaki ni cheti. Baba ni Athumani kwenye cheti cha kuzaliwa, Othman kwenye cha kidato cha nne, na uhakiki wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi, hauendi kwa kubahatisha. Kisha atafutwe mdhamini. Mjomba aliyechangia keki ya mahafali ghafla hapatikani kwenye simu akiombwa kitambulisho na picha. Namwelewa, ila anaogopa kupita kiasi: mhitimu akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake mwenyewe na kuipeleka Bodi ya Mikopo, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Bumu, yaani fedha ya mkopo huo, ni deni, lakini ni deni linalolipika. Mzazi mwenye mtoto kidato cha sita, vitoe vyeti kabatini wiki hii na uvilinganishe herufi kwa herufi, kabla dirisha halijafunguliwa.