Barua nzuri, lakini ni nani aliona?

Mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka 2026 udongo uliporomoka Rubaya, kule Masisi, ukafunika mashimo ya koltani. Wakubwa waliowekwa na M23 walitangaza kwamba zaidi ya watu 200 wamekufa: wachimbaji, watoto, na wamama wa soko. Namba hiyo ilifika Paris na London siku moja tu. Majina yalibaki kwenye vilima.

Ndugu wachimbaji, na nyinyi wamama mnaosoma ukurasa huu, tunaanza na Rubaya juu ya jambo linaloonekana liko mbali nayo: hizi mashine zinazoandika. Kwa Kifaransa tunasema IA, redio za Kiswahili zinasema akili mnemba. Tangu ChatGPT itoke mwezi wa 11 mwaka 2022, kijana wa Goma mwenye simu na mega kidogo anaweza kuomba barua ya kurasa mbili, na inatoka kabla chai haijapoa. Jioni ile ile ya msiba wa Rubaya, mashine ingeweza kuandika makala elfu moja juu ya wale marehemu. Hakuna hata moja ingetuambia yule mama aliyekuwa anauza chakula karibu na shimo aliitwa nani, na watoto wake wamebaki kwa nani.

Sisi wa sendika tulianza kuona mambo haya kwa karatasi. Mwaka huu tulipokea barua tatu za malalamiko, kutoka koperative tatu zisizojuana. Zote tatu zilikuwa na salamu moja. Zote zilisema « conditions de travail déplorables », zote zilimaliza kwa kuomba « une attention particulière ». Kifaransa safi, bila kosa. Lakini shimo gani? Kina cha mita ngapi? Tarehe gani? Mnunuzi alikata kilo ngapi? Hakuna. Tulipompigia simu mzee mmoja aliyetia sahihi, alitueleza yote kwa dakika mbili: mizani ya mnunuzi inakula kilo mbili kwa kila kilo hamsini, na anayelalamika anaambiwa apeleke mfuko wake pengine. Hiyo ndiyo ilikuwa barua. Karatasi nzuri iliificha.

Na hasara haikuishia hapo. Karani wa ofisi moja tuliyozipeleka aliziangalia zote tatu, akacheka, akauliza: « Nyinyi muko na modèle moja ya kulia? » Akaziweka pembeni. Kwake, mizani ya yule mzee ilishakuwa uongo kabla hajaisikia. Tuelewe vizuri hatari yake: mtu wa ofisi ambaye zamani alikosa sababu ya kukataa barua yetu, leo amepewa sababu bure.

Sasa tuulize: mchimbaji anaandika juu ya nini? Tuseme ukweli, sababu haziko moja. Kuna anayeandika ili ajulikane. Kuna anayeandika juu ya mradi fulani na pesa ya usafiri ya semina. Hatumlaumu, watoto wanakula. Kuna wengine wanaandika juu ya hasira tu. Lakini ukikaa na wale wanaoandika miaka mingi, wale wenye daftari lililochakaa mfukoni, utasikia sababu nyingine: wanaandika ili hesabu ya wengine isiwe peke yake.

Hii si shida ya leo katika nchi yetu. Mwezi wa 12 mwaka 1941, kule Élisabethville, ile tunaita leo Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière walifanya mgomo wakiomba mshahara. Askari wa mkoloni waliwapiga risasi. Hesabu ya wakubwa na hesabu ya makambi ya wafanyakazi hazikukutana, na mpaka leo wenye kusoma historia wanabishana ni watu wangapi walikufa. Wakubwa walikuwa na mashine ya kuandika, na wafanyakazi walikuwa na kumbukumbu. Tunajua ni ipi iliingia kwenye makabati.

Ndiyo maana tunampenda André Yav. Mwaka 1965, katika mji ule ule, yeye na wenzake waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu walitoa historia ya Élisabethville iliyopigwa taipu, kwa Kiswahili chao cha Katanga, si Kiswahili cha shule. Waliandika jinsi mji ulivyoonekana kutoka jikoni. Sarufi yake ingemchukiza mwalimu yeyote. Lakini profesa Johannes Fabian aliichukua, akaichapisha na kuieleza mwaka 1990, na leo hakuna anayesoma historia ya mji ule bila kupita kwake. Mashine ingemsahihishia Kiswahili, na ndani ya masahihisho hayo jiko lingepotea.

Mtu ataleta neno: basi muko munakataa maendeleo? Hapana. Kuna rafiki yetu, mchimbaji mzuri sana, aliacha shule ya msingi mwaka wa nne. Zamani alikuwa analipa mtu wa kumwandikia barua ya Kifaransa, na yule mtu alikuwa anaongeza maneno yake mwenyewe. Leo anasema shida yake kwa Kiswahili ndani ya simu, mashine inaiweka kwa Kifaransa, mtoto wake anaisoma kwa sauti na kuangalia kama imeachwa kitu. Hapo mashine ni kalamu, na kalamu hatujawahi kuikataa. Shida inaanza pale unapoiambia « niandikie malalamiko ya wachimbaji » na wewe hujaiambia kitu. Itaandika. Haitakuuliza kama ulishuka shimoni.

(Na Kiswahili chake! Ukiiomba Kiswahili inakupa kile cha Dar es Salaam, kimepigwa pasi. Tumesomea wamama wa kilima kimoja karatasi ya namna hiyo, wakauliza kama ni mahubiri.)

Kuna upande mwingine wa jambo hili, na hapa tunaomba mtusikilize sana, maana unagusa mfuko. Si sisi peke yetu tuko na mashine. Wanaonunua madini yetu huko nje wanadaiwa ripoti: madini yametoka wapi, mtoto hakufanya kazi, mwenye bunduki hakupata kodi. Hata kabla ya akili mnemba, karatasi hizo zilikuwa zinakaa mbali na shimo. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilieleza jinsi vibandiko vinavyofungwa kwenye mifuko vilivyotumika kupitisha madini ambayo hayakutoka pale palipoandikwa. Na Rubaya, tangu mwisho wa mwezi wa 4 mwaka 2024, iko chini ya M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kodi inayokusanywa pale inafika dola 800,000 kwa mwezi. Inakadiriwa pia kwamba karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia inatoka huko. Sasa fikiri: ripoti iliyokuwa inamgharimu mtu tiketi ya ndege na siku tatu za matope, leo inaweza kuandikwa ofisini kabla ya chakula cha mchana, ikiwa imejaa « dialogue avec les communautés ». Jumuiya gani? Nani alizungumza na nani? Dawa tuliyo nayo ni moja, karatasi yetu iwe na vitu ambavyo ile yao haiwezi kuwa navyo.

Na tusidhani mashine inajiandikia bila mikono ya watu. Tantali inayotoka kwenye koltani inatengenezewa vipande vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu na kompyuta. Sisi tunajua vimelipiwa nini. Nairobi nako, vijana wa kampuni ya Sama walisoma na kupanga maandishi machafu kabisa, ya mauaji na ya kunajisi watoto, ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa. Gazeti la Marekani, TIME, liliandika mwezi wa 1 mwaka 2023 kwamba walikuwa wanapeleka nyumbani chini ya dola mbili kwa saa. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka ule ule, zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi, wakapiga kura kuunda sendika yao. Tulipopata habari ile tulifurahi kama tumepata ndugu. Na angalieni: dunia ilijua mateso yao kwa sababu wao wenyewe walisema, na walionyesha karatasi zao za mshahara.

Kwa hiyo kwetu tumepatana hivi. Barua inayopita kwa sendika inaweza kuandikwa na mkono, na simu, na mashine, sisi hatuulizi. Lakini nyuma yake lazima kuwe na ukurasa wa daftari: tarehe, jina la shimo, jina la kiongozi wa timu, kilo zilizopimwa na kilo zilizolipwa, na watu wawili waliokuwepo ambao wanakubali kuitwa. Kama kuna hatari kwa hao mashahidi, majina yanakaa kwetu, hayaendi ofisini; siku hizi hilo si jambo dogo. Kukiwa na kifo, tunaandika jina lote, kijiji, na mtu wa familia wa kutafuta, kabla ya kuandika neno lolote la huzuni.

Yule mzee wa mizani tulimrudishia barua yake. Aliisema upya kwa mdomo, binti yake akaandika, nusu ukurasa, kukiwa na makosa matano ya Kifaransa. Wiki iliyopita tuliipeleka kwa karani yule yule. Safari hii hakucheka. Aliuliza jina la mnunuzi, na tunangoja jibu.