Sikio la Mfanyakazi Lilindwe

Wahenga walisema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakumkusudia mfanyakazi anayevunjika guu kwa sababu mashine imelimeza onyo la mwenzake.

Twayasema haya kwa kuwa katika viwanda vya nguo, vinu vya kuchambua pamba na karakana zetu ingali imo dhana kwamba kelele ni sehemu ya kazi, na kwamba anayezilalamikia ni mlegevu. Dhana hiyo ni potofu. Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo ambazo huipokea sauti. Zikifa hazioti tena. Anayedai kuwa amekwisha kuzoea kelele huenda ameanza kuwa kiziwi.

Wataalamu wamekwisha kuweka kipimo. Kelele za desibeli 85 mpaka wake ni saa 8 kwa siku. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda huo hupungua kwa nusu. Zikifika 100, ni dakika 15 tu. Tena sauti nyembamba kama za sh, s na f ndizo hupotea mwanzo, hata mtu akiambiwa "shika" huweza kusikia "fika". Je, huyo ahukumiwe kwa uzembe?

Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu aliye katika kelele hupaza sauti pasipo kukusudia. Ndivyo wafanyavyo wasimamizi wetu kila siku. Lakini kupaza sauti si kusikika.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kuwalinda watu wake. Wajibu huo hautimizwi kwa kugawa vizibo vya masikio na kunawa mikono. Hapana budi kuanza na mashine yenyewe: itiwe mafuta, ikazwe vipuri vilivyolegea, itengwe kwa ukuta. Kisha saa za kukaa penye kelele zipunguzwe, king'ora kiambatane na taa, na masikio yapimwe kila mwaka. Vizibo viwe kinga ya mwisho.

Twayataka matawi ya vyama vya wafanyakazi yalidai jambo hili bila ya kungoja ajali. Sikio ni amana. Kiwanda hulipia nguvu za mfanyakazi kwa saa 8; masikio yake hakikuyanunua.