Meza ya Kujipakulia na Watoto Wateuzi

Mwezi huu tumepokea barua ya ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani hii, ambaye sasa ni mkaazi wa Marekani pamoja na mkewe na watoto wao wanne. Asema kuwa likizo ijayo ataka kuwapeleka watoto katika viwanja vya starehe vya Walt Disney World, karibu na mji wa Orlando katika jimbo la Florida, na mama mkwe wake, ambaye amekwenda kuwazuru, atafuatana nao. Safari yenyewe haimtishi. Kinachomtisha ni chakula. Mtoto wa kwanza, mwenye miaka 11, hali ila wali mweupe na kuku mkavu. Wa pili, mwenye miaka 8, hukasirika mchuzi ukigusa wali. Wa tatu, mwenye miaka 5, ni mkate na ndizi tu. Wa nne ana miaka 2, na yeye hula chochote alacho mamake. Bibi naye hagusi nyama ambayo hamjui mchinjaji wake.

Ndugu yetu auliza mambo mawili. La kwanza, ni hoteli gani ya kujipakulia, ile iitwayo bafe, itakayowafaa watu wote hawa? La pili, je, yafaa amtie adabu kwa fimbo yule mkubwa, kwa kuwa amechoka kuaibishwa naye mbele za watu? Tutalijibu la kwanza kwa kadiri ya tuliyoyasoma na tuliyoyauliza kwa waliokwisha kufika huko. Ama la pili ndilo zito, nalo tutaliweka mwisho.

Watu wengi hudhani kuwa bafe ndiyo dawa ya watoto wateuzi, kwa kuwa vyakula ni vingi na kila mtu atapata chake. Maneno haya yana ukweli nusu. Katika harusi zetu chakula huletwa kwa sinia, watu wanne au watano wakalizunguka, na mtoto asiyependa kilicho mbele yake hana pa kukimbilia. Penye bafe mtoto huona chakula kabla ya kukitia katika sahani yake, huchukua kidogo, na hutenga mchuzi mbali na wali. Hiyo ni faida kubwa kwa mtoto wa pili wa ndugu yetu.

Walakini bafe ina hesabu yake. Bei hutozwa kwa kichwa wala si kwa sahani. Alaye kijiko kimoja na alaye sahani kumi, malipo yao ni mamoja. Katika hoteli za bafe za Walt Disney World, mtoto aliyetimiza miaka 10 hulipiwa kama mtu mzima, mwenye miaka 3 hadi 9 hulipiwa bei ya mtoto, na aliye chini ya miaka 3 hula bure. Basi ndugu yetu ajihesabie. Yeye, mkewe, mama mkwe wake na yule mtoto wa miaka 11 ni watu wazima wanne. Miaka hii ya karibuni bei ya chakula cha jioni kwa mtu mzima katika bafe kubwa za huko imepita dola 50, mbali na kodi na bakhshishi. Kwa hao wanne tu ni zaidi ya dola 200, na mmoja wao atakula wali mweupe na paja la kuku! Na yule ambaye hula bure ndiye pekee asiyechagua.

Kwa hivyo shauri letu la kwanza ni hili: bafe iwe mara moja tu katika safari nzima, iwe ni karamu ya jamaa, wala isiwe ndiyo chakula cha kila siku. Siku nyingine wachukue chakula chao. Wenye viwanja vile huwaruhusu wageni kuingia na chakula na vinywaji vyao, mradi pasiwe na ulevi wala vyombo vya kioo. Mikate, ndizi, mayai ya kuchemsha na chapati za bibi zitawatosha mchana kutwa, na nusu ya taabu ya ndugu yetu itakuwa imekwisha kabla hajatoka nyumbani.

Sasa hiyo mara moja iwe wapi? Viwanja vikubwa vya huko ni vinne. Cha kwanza, Magic Kingdom, kilifunguliwa mwaka 1971, na cha mwisho, kile cha wanyama kiitwacho Disney's Animal Kingdom, kilifunguliwa mwaka 1998. Ndani ya hicho cha wanyama mmejengwa kijiji cha kubuni, jina lake Harambe, kwa mfano wa miji ya Afrika Mashariki. Mtu wa kwetu akiingia humo atastaajabu, kwani maneno ya Kiswahili yamejaa kutani na milangoni. Humo mna hoteli ya bafe iitwayo Tusker House. Jina hilo huku kwetu huwakumbusha watu pombe, lakini maana yake ya asili ni ndovu mwenye pembe kubwa. Mna wali, kuku wa kuoka, vyakula vya viungo na meza ya vyakula vya watoto. Lakini mtu hafiki hapo ila awe amekwisha kulipa kiingilio cha kiwanja. Tena watu waliovaa sura za Donald Duck na wenziwe hupita meza kwa meza kuwaamkia wageni. Wako watoto watakaofurahi mno, na wako watakaojificha chini ya meza na kuacha kula kabisa. Mzazi amjue wake.

Twamwonya msafiri pia asidanganywe na majina. Ubavuni mwa Tusker House pana kibanda kiitwacho Dawa. Mtoto wa Kiswahili akisoma jina hilo atafikiri kuwa panauzwa vidonge vya kichwa, kumbe ni pahali pa ulevi! Kadhalika katika kiwanja kiitwacho EPCOT, kilichofunguliwa mwaka 1982, upande wa Ujerumani, iko hoteli ya bafe iitwayo Biergarten, yaani bustani ya bia. Hiyo angalau haikuficha kitu. Soseji na bia ndizo sifa zake, nasi hatuoni sababu ya kumpeleka bibi huko.

Hoteli tunayoiona kuwa yawafaa zaidi watu hawa ni ile iitwayo Boma, iliyomo ndani ya nyumba ya wageni ya Disney's Animal Kingdom Lodge, iliyofunguliwa mwaka 2001. Sababu zetu ni tatu. Kwanza, iko nje ya lango la kiwanja, na kwa hivyo mtu huweza kwenda kula bila ya kununua kiingilio. Pili, hapana watu waliovaa sura za kuchekesha, na mtoto mwoga atakula kwa utulivu. Tatu, mteuzi hukasirika upesi anapongoja, na hapo kungoja si adhabu, kwani nyuma ya nyumba ile wako twiga na punda milia wakilisha, na watoto watawatazama mpaka waitwe. Hufunguliwa asubuhi na jioni, haifunguliwi mchana. Mna supu za namna nyingi, nyama za kuoka zinazokatwa mbele ya mlaji, wali, mikate, na vyakula vya watoto visivyo na pilipili.

Nafasi huwekwa mapema, tangu siku 60 kabla, na asiyefika wala asitoe habari hutozwa kwa kila kichwa. Basi ndugu yetu asiweke nafasi siku ya kuwasili, watoto wakiwa wamechoka. Aweke siku ya pili au ya tatu. Wala asiwashindishe njaa ili eti wafaidi zaidi. Mteuzi mwenye njaa kali hali zaidi, hulia zaidi.

Ama katika jambo la halali, asidhani kuwa kwa sababu hoteli ina jina la Kiswahili basi na nyama yake imechinjwa na Waislamu. Siku anayoweka nafasi aulize iwapo waweza kumwandalia nyama ya halali, na akifika aulize tena kwa mpishi mwenyewe. Akitaja kuwa mmoja wao hudhuriwa na kitu fulani, maziwa au karanga, ataelezwa kilichomo katika kila chungu. Asione haya kuuliza, maana kuuliza si ujinga. Bibi akibaki na shaka, asisukumwe. Mayai, mboga, wali na mkate vyamtosha mtu kushiba. Na vijiko vya kupakulia vikionekana kuhamishwa kutoka chungu cha nguruwe hadi chungu kingine, amwombe mpishi amletee sahani kutoka jikoni.

Kimoja tukitaje kwa jina, kwani hicho kina sifa kubwa na watoto hukikimbilia. Katika meza ya vitamu ya Boma mna vidonge vidogo vya duara, vyeupe, vyenye mistari ya chakuleti kama punda milia. Vyaitwa zebra domes. Kwa mapishi yake yanayojulikana, ndani hutiwa Amarula, nayo ni kileo kilichotengenezwa kwa tunda la Kiafrika. Umbo ni la peremende, na undani ni ulevi. Baba awaambie watoto kabla hawajaondoka mezani, wala asingoje mpaka amwone mmoja wao amekwisha kutia kinywani.

Wakisha kukaa, wafanye hivi. Baba au mama azunguke kwanza peke yake, mikono mitupu, atazame kila chungu mpaka mwisho. Kisha amchukue mtoto mmoja mmoja. Kila mtoto achukue kwanza kile anachokijua, kidogo, akimaliza, arudi. Juu yake aongeze kijiko kimoja cha kitu kigeni alichokichagua mwenyewe, akionje akipenda. Alichokitia sahanini kwa mkono wake mwenyewe ajitahidi kukimaliza, kwani wingi wa chakula si ruhusa ya israfu, na Mola wetu hawapendi wenye kufanya israfu. Wazee wamesema mchagua nazi hupata koroma. Azungukaye meza mara saba akitafuta kilicho bora hurudi na sahani ya mabaki.

Sasa tulirudie lile swali la fimbo. Jibu letu ni hapana. Wala hatusemi hivi kwa kuwa sisi tulikuwa wapole siku zote.

Miaka mingi iliyopita, katika karamu ya kuhitimisha chuoni petu, mtoto mmoja alikataa biriani. Sisi tukaona kuwa ni utovu wa adabu mbele ya wageni. Tulimsimamia na bakora mkononi hata akala, machozi yakimtoka. Alitapika mbele ya wenziwe wote. Juma zima hakuja chuoni, na aliporudi alisoma vizuri kama zamani, lakini hakututazama usoni tena. Baadaye mamake akatuambia kuwa harufu ya samli ilikuwa ikimchafua moyo tangu utotoni. Sisi hatukuuliza. Tulichokuwa tukikilinda siku ile kilikuwa heshima yetu mbele ya wageni. Adabu ya mtoto tuliitaja tu.

Na dalili tulikuwa nayo, tukiisomesha kila mwaka. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Mtume (S.A.W.) hakupata kukitia ila chakula, akikipenda alikula, na asipokipenda alikiacha. Tena imepokewa kuwa aliletewa nyama ya mnyama wa jangwani wa jamii ya mijusi, na alipoambiwa ni nyama gani akauondoa mkono wake. Khalid bin Walid akamwuliza kama ni haramu. Akamjibu kuwa si haramu, lakini mnyama huyo hapatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Khalid akaivuta nyama ile akaila, na Mtume akimtazama.

Tuyazingatie haya. Mbora wa viumbe aliacha chakula mbele za watu, wala hakuaibika, wala hakumwaibisha aliyekipika, wala hakumzuia mwenziwe kula. Hiyo ndiyo adabu ya kumfundisha mtoto mteuzi. Asiseme "chafu hiki," asikunje uso, asimwambie nduguye kuwa anachokula chanuka. Aseme tu, "Ahsante, sitaki," na aachiwe. Akivunja adabu hiyo, aonywe kwa ulimi wake. Asiadhibiwe kwa tumbo lake. Na ikiwa mtoto anakonda, au hupaliwa kila alapo, au vyakula anavyovikubali vinapungua mwaka hata mwaka, basi hilo si la fimbo wala si la mawaidha; apelekwe kwa tabibu.

Ndugu yetu ameandika kuwa amechoka kuaibika. Twamwambia kwa upole: watu walio katika hoteli ile hawamjui, wala hawatakumbuka kuwa mwanawe alikula wali mweupe mbele ya vyungu thelathini. Mwanawe ndiye atakayekumbuka. Atakumbuka wale twiga, na bibi aliyekaa karibu naye na sahani yake ya mayai na mkate, na kuwa babake alimpa wali wake akakaa akala naye. Au atakumbuka fimbo. Kiasi cha dola 50 kimekwisha kulipwa kwa ajili yake kwa vyovyote. Hiari ya lipi litakalobaki ni ya baba.

Twamwombea ndugu yetu safari njema na jamaa yake, na Mwenyezi Mungu atujaalie tuwalee watoto wetu kwa huruma. Amin.