Anajitolea, kwa Hiyo Asiulizwe?

Kuna sentensi moja hapa Kakuma imenichosha: "Sisi tunajitolea." Ukiuliza pesa ya bomba ilienda wapi, unajibiwa hivyo. Ukiuliza kwa nini kikao hakijaitishwa tangu mwaka jana, ni hivyo hivyo. Yaani kwa kuwa mtu halipwi, basi hesabu nayo haidaiwi.

Msinielewe vibaya. Kazi ya kamati ya bloku naijua, maana vijana ninaowalea ndio hutumwa huku na kule. Mwenyekiti anaamshwa saa nane usiku kwa sababu mtu na mke wake wanapigana. Mama mwenyekiti anapanga foleni ya maji, kisha anatukanwa kwa lugha nne. Mgeni akifika hana turubai, wao ndio wanatafuta pa kumlaza. Hata insentivu hawapati. Ni aibu, na mashirika yanayowatuma kila mara kuita watu mikutanoni yangewafikiria.

Lakini pesa ni jambo lingine. Kwetu kila nyumba ilitoa shilingi 50 za bomba. Ni kidogo? Muulize mama anayepima unga kwa kikombe. Bomba lilitengenezwa, sawa. Zilizobaki je? Daftari "liko nyumbani." Nyumbani kwa nani?

Huko Nairobi mitaa mingi ina vyama vya wakaazi. Viongozi wake nao wengi wanajitolea, wanachangisha pesa ya mlinzi na ya takataka kila mwezi. Chama kikisajiliwa, Sheria ya Vyama ya Kenya inakitaka kiite mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka na kutoa hesabu mbele ya wanachama. Na hao wana kuta na hatimiliki. Sisi ardhi si yetu, bloku haijasajiliwa popote, hakuna hakimu wa kupelekewa daftari. Kikao ndicho mahakama pekee tuliyo nayo, na ndicho kimeuawa.

Wazee wetu wanasema vijana tunatafuta vyeo. Wapi! Cheo gani hicho cha kuamshwa saa nane? Tunataka daftari lisomwe kwa sauti, na wasiojua Kiswahili watafsiriwe. Uchaguzi nao ufanywe, hata akirudi yule yule. Akirudi kwa kura nitampigia makofi wa kwanza.

Na nyinyi majirani mnaonung'unika kwenye foleni, halafu siku ya kikao mnajifungia ndani mkisema "hao ni wezi": mwizi hajulikani kwa kunong'onezwa. Mnamchafua mtu aliyewalaza wageni wenu, na hamjaona hata ukurasa mmoja.

Mweka hazina nimeongea naye. Amekubali Jumamosi, jua likishapungua, chini ya mwarobaini ulio karibu na bomba. Mimi nitakuja na taa ya sola, maana mwandiko wake naujua.