Daftari la Wiki: Zamu ya Maji Kaskazini

Barabara ya Isiolo hadi Moyale sasa ni lami mwanzo hadi mwisho, karibu kilomita 500. Walioipita zamani hawajasahau: magari yalisubiriana Isiolo mpaka msafara utimie, polisi mbele na polisi nyuma kwa hofu ya majambazi, kisha mawe na vumbi mpaka Marsabit. Leo mtu anakunywa chai Nairobi alfajiri na jioni anatafuta kitanda Marsabit. Lami hii imeleta heri kubwa. Lori lililopanda na unga na sukari hushuka na mbuzi hadi soko la Kiamaiko jijini Nairobi, na mbuzi anayefika akiwa bado na nguvu ndiye karo ya mtoto aliyeko bweni.

Ila kasi imezaa mazoea mabaya. Kila nikisafiri njia hiyo humsikia abiria akichungulia dirishani baada ya Merille na kusema huku hakuna kitu. Kauli hiyo ikirudiwa na watu wa kutosha huishia kuwa sera. Ardhi isiyo na kitu huhesabiwa haina mwenyewe, na ardhi isiyo na mwenyewe hugawiwa yeyote anayeitaka.

*

Lakini ardhi hiyo ina wenyewe. Chukua visima vya Waborana. Vile virefu vimezama chini hata wanaume hupangana juu ya ngazi, mmoja juu ya mwenzake, wakipokezana ndoo huku wakiimba ili mikono iende pamoja. Wageni huvijia kwa sababu ya wimbo. Mimi humtazama zaidi abba herega, msimamizi wa zamu. Yeye ndiye anayejua kundi lipi linywe leo na lipi lingoje. Kila kisima kina ukoo wake, uzao wa yule aliyekichimba. Mpita njia hanyimwi maji ya kunywa, lakini mifugo yake haigusi hori mpaka aombe na akubaliwe.

Kiangazi kikikaza, ng'ombe hunywa kila siku ya tatu. Ngamia huweza kukaa wiki na zaidi. Ndani ya zamu hiyo mna hesabu ya nyasi. Ng'ombe anayekunywa kila siku ya tatu ana nafasi ya kwenda kulisha mbali na kurudi, kwa hiyo malisho ya karibu na kisima hayaliwi mpaka mizizi. Anayepanga maji amekwisha kupanga na malisho.

Visima vya mashine vilipokuja, vyenye maji wakati wote na visivyo na msimamizi wa kuheshimiwa, mifugo ilikaa palepale. Watafiti wa UNESCO walioanza kazi Marsabit mwaka 1976 walieleza kwa kirefu jinsi ardhi inavyochakaa kuzunguka makazi na maji ya kudumu. Bado hadi leo mwanasiasa akitaka kura huahidi kisima, wala hasikiki akisema nani atashika zamu yake. Maji ni uhai na watu wa huko wanayahitaji mno. Ninachoomba ni kwamba mtambo ukija, waitwe kwanza wazee wanaojua nyika hiyo, waamue ufungwe miezi ipi na ufunguliwe lini.

*

Mlima Marsabit umesimama katikati ya ukame ukiwa umejifunika msitu na ukungu. Asubuhi huko bila sweta utateseka. Ndani ya mbuga yake ndimo alimoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Mwaka 1970 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, akawekewa walinzi wenye silaha usiku na mchana mpaka alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, na watoto wa shule wanapenda kupigwa picha chini yake.

Ndovu wa Marsabit wa sasa hawana amri ya rais, na kinachowalinda zaidi ni kuweza kuondoka. Mvua ikinyesha huteremka nyikani, na ukame ukirudi hupanda tena msituni. Ng'ombe wa Warendille na Waborana hufuata njia hizohizo kwa sababu zilezile. Kila shamba na kila ua unaoongezeka miguuni pa mlima unawazibia njia wote wawili.

*

Karibu na Kalacha, ukingoni mwa jangwa la Chalbi, nilimwona mama mmoja wa Kigabra akibomoa nyumba yake asubuhi. Hakuwa na haraka. Alianza na mikeka ya juu, akaikunja mmoja mmoja, kisha ngozi, kisha fito zilizopinda ambazo ndizo mbavu za nyumba. Kila fito alijua mahali pake. Mbili aliziweka kando, akazikagua kwa kidole gumba, moja akaitupa. Vyombo vya maziwa, vilivyosukwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi, alivifunga mwisho na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Ngamia alipigishwa magoti akilalamika kwa sauti iliyosikika kijiji kizima. Fito zilipofungwa ubavuni huku na huku zikikutana kwa juu, mnyama alikuwa amebeba umbo la nyumba nzima, na ndani ya umbo hilo akapakiwa mtoto na wanambuzi.

Kwa Wagabra nyumba ni mali ya mwanamke. Mume ana ngamia. Paa ni la mkewe. Nilimuuliza mama huyo, kupitia kijana aliyenitafsiria, kama hachoki kujenga upya kila mara. Alijibu kwamba anayechoka ni yule anayekaa mahali pamoja akingoja nyasi zimfuate.

*

Kutoka North Horr kwenda Sibiloi njia huwa mawe meusi, kisha mchanga, kisha mawe tena. Mbuga hii ya taifa ilitengwa mwaka 1973, ukubwa wake kilomita za mraba 1,570, mashariki mwa Ziwa Turkana. Wageni ni haba sana. Mna magogo ya miti ya kale yaliyogeuka mawe, na mna Koobi Fora, ambako Bernard Ngeneo aliokota mwaka 1972 vipande vya fuvu la binadamu wa kale linalojulikana duniani kwa nambari 1470. Ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Nariokotome, Kamoya Kimeu aliona mwaka 1984 kipande kidogo cha mfupa kilichofanana rangi na kokoto zilizokizunguka. Kikawa mwanzo wa kufukua karibu mifupa yote ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Kamoya alikuwa mwana wa Makueni, aliyechunga mifugo ya baba yake utotoni. Siwezi kuamini kwamba macho yale aliyapata darasani. Mchungaji hushinda akitazama chini kutafuta nyayo na juu kutafuta mnyama aliyepotea, na jambo dogo lililobadilika halimpiti.

Sibiloi iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997 pamoja na Kisiwa cha Kati cha ziwa hilo, na mwaka 2018 ikatiwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Sababu kuu ni bwawa la Gibe III la Ethiopia katika Mto Omo, mto unaolipatia Ziwa Turkana zaidi ya asilimia 80 ya maji yake. Wakati huohuo sheria hairuhusu mifugo kuingia mbugani, nayo ukame ukizidi Wadasanachi na Wagabra huingiza mifugo humo kwa sababu hawana pa kwenda. Mvua iliposhindwa misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020, mizoga ilitapakaa kandokando ya barabara zote za kaskazini. Mtu aliyepoteza nusu nzima ya mifugo yake hawezi kuambiwa asitazame majani yaliyo ng'ambo ya alama ya mpaka. Wafugaji wangekaa chini na walinzi wa mbuga kabla ya ukame, wakakubaliana ni bonde lipi lifunguliwe na kwa muda gani, damu na faini nyingi zingeepukwa.

*

Kusini zaidi, Sarima karibu na Loiyangalani, kuna mitambo 365 ya umeme wa upepo yenye uwezo wa megawati 310. Nchi inahitaji umeme huo na ninaufurahia. Lakini mwaka 2021 mahakama ya ardhi iliyokaa Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata sheria, maana wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo. Tuna Sheria ya Ardhi ya Jamii tangu 2016. Jamii nyingi za kaskazini bado hazijasajiliwa chini yake.

*

Pundamilia wa Grevy ana mistari myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya mviringo. Miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000. Sasa ni kama 3,000, wengi wao kaskazini mwa Kenya. Tangu 2016 wananchi hujitolea kuwapiga picha ubavu wa kulia ili wahesabiwe, na kompyuta huwatambua mmoja mmoja kwa mistari yao.

Mchana visima ni vya mifugo, kwa hiyo pundamilia hawa hulazimika kunywa usiku, wakati ambapo simba naye yuko kazini. Mfugaji anayehama jioni na kuacha kisima wazi kinachofikika amemwokoa mnyama huyo zaidi kuliko ua wowote.

*

Wasomaji wameniuliza wajiandae vipi wakitaka kwenda. Beba maji kupita unavyodhani utahitaji, magurudumu mawili ya akiba, majani ya chai na sukari ya kupeleka unapokaribishwa. Usipige picha kisimani kabla ya kumsalimu mwenye zamu.

Na jiandae kuulizwa. Kabla ya jina lako na kabla ya kazi yako, mzee utakayemkuta njiani atasema, "Mgeni, huko ulikotoka mvua imenyesha wapi?" Haulizi kwa adabu tu. Familia nzima yaweza kuhama kwa jibu lako, na akikuta umesema uongo amepoteza wanyama. Kwa hiyo mimi nikiwa njiani huandika: umbali kutoka mji wa karibu, upande gani wa barabara, kama nyasi zimeota au ni majani ya miti peke yake, kama maji ni ya dimbwi au ya lagha, yaani mto wa msimu, iliyotiririka, na kama kuna mifugo iliyokwisha kufika.